Lugha ya Swali: Historia ya Mbinu za Utafiti wa Usimamizi Nchini Kenya, kwa Mfano wa Turbo

1. Utangulizi

Mwanafunzi wa masomo ya usimamizi katika vyuo vikuu vya Kenya hufundishwa mapema kwamba njia za utafiti ni mbili. Ya kwanza ni ya kiidadi, ambayo hupima, huhesabu na kulinganisha. Ya pili ni ya kimaelezo, ambayo husikiliza, huchunguza na kufafanua. Huambiwa achague moja, au azichanganye zote mbili kwa mpango unaoeleweka. Fundisho hilo ni sahihi, lakini lina pengo. Njia zote mbili huanza na swali, na swali haliulizwi ila kwa lugha fulani. Mwanafunzi huandika swali lake kwa Kiingereza, huliuliza kwa Kiswahili au kwa lugha ya mama ya mhojiwa, hupokea jibu kwa lugha hiyo, kisha hulirudisha katika Kiingereza na kuliweka katika jedwali. Safari hiyo ya kwenda na kurudi aghalabu hupewa sentensi moja tu katika tasnifu, au haitajwi kabisa.

Makala haya yanakusudia kufuatilia asili ya pengo hilo. Tutaeleza jinsi desturi ya kuhesabu watu na desturi ya kuwauliza maoni yao zilivyoingia nchini kwa nyakati mbalimbali na kwa makusudi mbalimbali, na jinsi Kiswahili kilivyotumika katika zote mbili bila kuandikwa katika kumbukumbu. Hoja yetu ni kwamba neno la Kiswahili lililotumika katika swali ni sehemu ya kipimo chenyewe. Likiwa na kasoro, wingi wa wahojiwa hauwezi kuiondoa kasoro hiyo. Tumechagua eneo la Turbo, karibu na Eldoret, liwe mahali pa kuijaribu hoja hii, kwa sababu huko mtafiti hawezi kuuliza jambo lolote bila kwanza kuamua atauliza kwa lugha gani.

2. Turbo na watu wake

Turbo ni mji mdogo ulio kaskazini-magharibi ya Eldoret, katika barabara kuu iendayo Webuye, Malaba na Uganda. Reli iliyofika Eldoret mwaka 1924 iliendelezwa kupitia hapo, na kufikia mwaka 1931 ilikuwa imefika Kampala. Wakati wa ukoloni nyanda hizi za Uasin Gishu zilikuwa sehemu ya ardhi iliyotengewa walowezi wa Kizungu, wakiwemo Makaburu walioanza kuhamia hapo kutoka Afrika Kusini mwaka 1908. Baada ya uhuru wa mwaka 1963 mashamba mengi ya walowezi yaligawanywa au yalinunuliwa, mengine na mtu mmoja mmoja, mengine na vyama na makampuni ya wanunuzi. Serikali nayo ilipanda misitu katika eneo la Turbo ili kukilisha kiwanda cha karatasi cha Webuye, kilichoanza kazi katikati ya miaka ya 1970.

Historia hiyo iliwakusanya pamoja watu wa asili mbalimbali. Wanandi na Wakalenjin wengine, Waluhya wa pande za Lugari na kwingineko, Wakikuyu, na wengine waliokuja kwa kazi za reli, za mashamba na za biashara, wote wamekuwa wakikutana katika soko moja. Nyumbani kila mmoja ana lugha yake. Sokoni, katika gari la abiria, katika mkutano wa chama cha ushirika wa maziwa na mbele ya chifu, lugha ni Kiswahili. Kiswahili cha hapo si cha Lamu wala cha Unguja. Ngeli zake nyingine zimepungua, na maneno yake mengine yana maana ambayo mtu wa pwani angeistaajabia. Hata hivyo ndicho kinachowawezesha watu wa lugha tatu au nne kubishana juu ya bei ya mahindi na kuafikiana.

Basi mtu atakayechunguza usimamizi wa ushirika, wa shule, wa kituo cha afya au wa duka la jumla huko Turbo hana budi kupitia Kiswahili hicho. Swali ni hili: je, elimu ya mbinu za utafiti imempa maandalizi gani kwa kazi hiyo? Ili kulijibu, yatupasa turudi nyuma.

3. Kuhesabiwa bila kuulizwa

Wakazi wa nyanda hizi walihesabiwa muda mrefu kabla ya mtu yeyote kuwauliza maoni yao. Serikali ya kikoloni ilihesabu vibanda ili itoze kodi, na makisio ya idadi ya watu yaliyotolewa kabla ya mwaka 1948 yalitegemea sana hesabu hizo pamoja na orodha za walipa kodi. Mashambani hesabu ilikuwa ya siku za kazi. Sheria ya mwaka 1918 iliyowahusu maskwota ilimtaka mkazi wa shamba la mlowezi afanye kazi kwa siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Sheria nyingine, iliyotungwa mwaka 1915 na kutekelezwa baada ya Vita Kuu vya Kwanza, ilimlazimu mwanamume Mwafrika kuchukua kipande, yaani hati yenye jina lake, alama za vidole vyake na kumbukumbu za waajiri wake. Katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika neno hilohilo lilitumika kwa kadi ya siku 30 za kazi. Neno la kawaida la Kiswahili, lenye maana ya sehemu iliyokatwa kutoka katika kitu kizima, likageuka kuwa jina la rekodi ya usimamizi.

Lugha iliyotumika kati ya mlowezi na kibarua ilikuwa Kiswahili kilichokatwakatwa, ambacho wenyewe waliita Kisetla. Upatanisho wa ngeli ulipuuzwa humo, na viambishi vya njeo vilipunguzwa. Lugha hiyo iliitosha kazi iliyokusudiwa, yaani kutoa amri na kupokea hesabu: ng'ombe wangapi, magunia mangapi, watu wangapi hawakuja. Haikuhitaji kumuuliza kibarua anaionaje kazi yake. Yafaa tuuzingatie urithi huu. Kwa wazee wengi wa mashambani, mgeni mwenye kalamu na karatasi aliyeuliza maswali kwa Kiswahili alikuwa mtu wa kodi, wa kazi au wa kesi. Jibu la busara kwa mtu wa namna hiyo lilikuwa fupi na la kupendeza.

Hesabu ya kwanza ya watu wote iliyofanywa kwa kuwahesabu moja kwa moja ilikuwa ya mwaka 1948, iliyoandaliwa kwa pamoja kwa nchi za Afrika ya Mashariki. Ilifuatiwa na hesabu ya sampuli iliyouliza maswali zaidi kwa sehemu ya watu. Kenya ilionekana kuwa na watu 5,405,966. Hesabu ya mwaka 1962 ilipata watu 8,636,263, ya mwaka 1969 watu 10,942,705, na ya mwaka 1979 watu 15,327,061. Kufikia ile ya mwaka 2019 idadi ilikuwa 47,564,296. Hizi ni kazi kubwa, na hapana mpango wa shule, barabara au hospitali unaoweza kufanywa bila hizo.

Maneno yetu wenyewe yanaonyesha jinsi elimu hii ilivyo changa katika lugha. Katika kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 neno takwimu lina maana ya kalenda. Leo ni jina la taaluma nzima ya hesabu za watu na mambo. Sampuli katika mazungumzo ya kila siku ni aina au namna, kama mtu asemapo kwamba hataki watu wa sampuli hiyo nyumbani kwake. Katika taaluma ni sehemu ndogo iliyochaguliwa ili iwakilishe kundi zima. Mzee anayeambiwa kwamba amechaguliwa kuwa katika sampuli ana haki ya kujiuliza yeye amekuwa mtu wa aina gani.

4. Kuulizwa: kutoka kiwandani hadi kijijini

Desturi ya kumuuliza mfanyakazi maoni yake haikuanzia kwetu, na historia yake huko ilikoanzia ina funzo kwa mwalimu wa lugha. Mwaka 1911 Frederick Taylor, mhandisi wa Marekani, alichapisha kitabu chake juu ya usimamizi wa kisayansi. Njia yake ilikuwa kuigawa kazi katika vitendo vidogo na kuvipima kwa saa. Mfanyakazi alipimwa bila kusikilizwa. Kuanzia mwaka 1924 hadi 1932 ulifanywa uchunguzi mwingine katika kiwanda cha Hawthorne cha kampuni ya Western Electric, karibu na Chicago. Wachunguzi walianza na vipimo vya mwangaza wa taa na mazao ya kazi, lakini matokeo yalikataa kufuata taa. Ndipo kati ya mwaka 1928 na 1930 wakawahoji wafanyakazi wapatao 21,000.

Mahojiano hayo yalianza kwa orodha ya maswali yaliyoandaliwa. Haukupita muda wahojaji wakagundua kwamba wafanyakazi walitaka kuzungumza juu ya mambo ambayo hayakuwamo katika orodha. Katika mwaka 1929 waliiacha orodha na kumwacha mfanyakazi aongoze mazungumzo. Muda wa mahojiano, uliokuwa kiasi cha nusu saa, ukafikia saa moja na nusu. Huu ni mmoja wa mwanzo wa njia ya kimaelezo katika masomo ya usimamizi. Watafiti wa Hawthorne hawakuacha kuhesabu. Walitambua kwamba hawajui wahesabu nini mpaka wajue wafanyakazi wenyewe huyaitaje mambo yao.

Wakati huohuo, mwaka 1932, Rensis Likert alichapisha njia ya kupima mielekeo kwa kumpa mtu kauli na kumtaka achague jibu katika ngazi inayoanzia kukubali kabisa hadi kutokubali kabisa. Njia hiyo ni rahisi, ya bei nafuu, na hutoa tarakimu zinazoingia moja kwa moja katika hesabu. Ndiyo iliyoenea duniani, na ndiyo tutakayokutana nayo tena Turbo.

Nchini Kenya elimu ya utawala na usimamizi ilipata makao mwaka 1961 ilipoanzishwa Taasisi ya Utawala huko Kabete, ili kuwaandaa Waafrika kushika vyeo vya serikali. Mwaka 1965 ilianzishwa Taasisi ya Uchunguzi wa Maendeleo katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Kazi yake iliyogusa usimamizi zaidi ilihusu Mpango Maalumu wa Maendeleo Vijijini, ulioanza mwaka 1970 katika sehemu sita za nchi, zikiwemo Kapenguria na Vihiga. Robert Chambers, aliyekuwa miongoni mwa watafiti wa mpango huo, aliandika mwaka 1974 kitabu juu ya kuyasimamia maendeleo ya vijijini. Mwaka 1977 David Leonard alichapisha uchunguzi wake juu ya maofisa wa chini wa ugani wa kilimo magharibi mwa Kenya, akitumia nadharia ya usimamizi wa mashirika kueleza kwa nini mkulima mdogo hafikiwi.

Mwaka 1983 Chambers alitoa kitabu kingine, na humo akaeleza upofu wa mtafiti wa mjini. Miongoni mwa mambo aliyoyataja ni upendeleo wa lami: mtafiti hufika panapofika gari lake, huwahoji walio kando ya barabara, huenda wakati wa kiangazi, na huzungumza na wanaume, viongozi na wenye mali. Turbo iko juu ya lami. Mwanafunzi atokaye Eldoret hushuka hapo kwa gari la abiria, hufanya mahojiano yake mchana kutwa na kurudi jioni. Upofu alioueleza Chambers una sehemu moja ambayo wasomi wa usimamizi hawajaishughulikia vya kutosha, nayo ni upendeleo wa lugha: mtafiti huelekea kwa wale wanaosema lugha inayofanana na ya hojaji yake.

5. Vyuo vikuu na idadi ya 384

Kufuatia pendekezo la tume iliyoongozwa na Colin Mackay mwaka 1981, Chuo Kikuu cha Moi kilianzishwa karibu na Eldoret mwaka 1984. Tume hiyohiyo ndiyo iliyoleta mfumo wa elimu ulioanza mwaka 1985, ambamo Kiswahili kilikuwa somo la lazima na la kutahiniwa. Kwa hiyo katika mwongo mmoja mambo mawili yalitokea katika nyanda hizi: utafiti wa chuo kikuu ulisogea karibu na vijiji vya Turbo, na kizazi kizima cha vijana kilianza kufundishwa Kiswahili sanifu shuleni. Ingalitarajiwa kwamba mambo hayo mawili yangekutana. Kwa sehemu kubwa yalipitana.

Mwaka 1999 Olive Mugenda na Abel Mugenda walichapisha kitabu cha mbinu za utafiti za kiidadi na za kimaelezo, nacho kikawa mwongozo wa maelfu ya wanafunzi wa Kenya. Sifa yake kubwa ni kwamba kiliwaandikia wanafunzi wa hapa, kwa mifano ya hapa. Pamoja nacho husomwa jedwali la Robert Krejcie na Daryle Morgan la mwaka 1970, linaloonyesha ukubwa wa sampuli ufaao. Kundi la watu 1,000 huhitaji sampuli ya watu 278. La watu 10,000 huhitaji 370. Na la watu milioni moja huhitaji 384. Idadi hii ya mwisho inajulikana na kila mwanafunzi wa usimamizi nchini, na yeyote aliyesoma tasnifu zao amekutana nayo mara nyingi.

Hatuna nia ya kuidharau. Inatokana na hesabu safi, na inatuambia kwamba kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 95 kosa litokanalo na kuwachagua wachache badala ya wote halitazidi asilimia 5. Lakini inapasa kusemwa waziwazi ni kosa gani linalopimwa hapo. Ni kosa la kuchagua watu. Kosa la kuchagua maneno halimo. Watu 384 wakiulizwa swali wanaloelewa kwa namna tofauti na ile ya mwulizaji, tutakuwa na majibu 384 ya swali ambalo hatukuliuliza.

6. Mahali pa kosa

Tuangalie mifano michache, yote katika Kiswahili cha kawaida ambacho msomaji anaweza kukijaribu mwenyewe.

Kwanza ni kitenzi kubali, ambacho hutumiwa katika hojaji nyingi zilizofuata njia ya Likert. Kubali ina maana ya kuafikiana na kauli, lakini pia ina maana ya kuridhia, kupokea na kutii. Mwanachama wa ushirika akisomewa kauli kwamba kamati huamua bei bila kuwashauri wanachama, kisha akajibu kwamba anakubali, hatujui kama anathibitisha kuwa ndivyo ilivyo, au anasema kwamba yeye hapingi jambo hilo. Majibu hayo mawili yanaelekea pande mbili, lakini yataandikwa kwa tarakimu moja. Tena kumwambia mgeni usoni kwamba hukubali ni ukali. Mhojiwa mwenye adabu atalikwepa neno hilo, na mtafiti ataandika kwamba watu wa Turbo wameridhika na viongozi wao.

Pili ni hilo neno kuridhika. Katika utafiti wa usimamizi hutumika kupima jinsi mtu anavyoitathmini kazi yake. Katika matumizi ya watu ni neno la maadili: kuridhika na riziki uliyopewa ni sifa njema, na kutoridhika ni tamaa. Anayesema ameridhika huenda anatueleza yeye ni mtu wa namna gani, wala hajagusa mshahara wake.

Tatu ni sarufi yenyewe. Kiingereza kina kiwakilishi kimoja kwa nafsi ya pili, umoja na wingi. Kiswahili kinamlazimisha mfasiri kuchagua. Je, mwanachama aulizwe kama unashauriwa au kama mnashauriwa? La kwanza linamhusu yeye peke yake, na mwanamke ambaye haitwi mkutanoni atajibu la. La pili linahusu kundi, na mwanamke huyohuyo anaweza kujibu ndiyo, kwa kuwa mumewe huitwa. Hali ni hiyohiyo katika njeo. Meneja hushauriana na wafanyakazi, meneja anashauriana na wafanyakazi, na meneja amekuwa akishauriana na wafanyakazi ni kauli tatu. Ya kwanza ni ya desturi, ya pili yaweza kuwa ya sasa tu, ya tatu ina mwanzo. Wahojaji watatu wanaofasiri papo hapo, kila mmoja kwa namna yake, wanatumia hojaji tatu.

Nne ni kaya. Kwa Wamijikenda hilo ni jina la makao ya kale yaliyozungukwa na msitu. Katika Kiswahili cha takwimu ni watu wanaoishi pamoja, wenye mpango mmoja wa chakula na wanaomtambua mkuu mmoja. Katika nyanda za Turbo watu husema boma, mji, nyumba au familia, na maneno hayo hayana mipaka sawa. Boma moja laweza kuwa na majiko mawili, la mama na la mke wa kijana. Mtafiti asiyeamua mapema kama anahesabu boma au jiko atapata pato la wastani ambalo si la yeyote kati yao.

Tano ni vipimo. Kibarua akisema anaanza kazi saa mbili, mhojaji mwenye haraka anaweza kuandika tarakimu 2 na kumfanya mtu huyo aanze kazi alasiri. Gunia la mahindi huchukuliwa kuwa la kilo 90, lakini mwenye shamba dogo huhesabu kwa debe na kwa gorogoro, na shamba lenyewe hulitaja kwa pointi, yaani sehemu ya kumi ya ekari. Mambo haya yanafahamika kwa kila mtu sokoni. Hupotea yanapohamishwa kwenda katika jedwali.

Mfano wa mwisho ni mzito kuliko yote. Hojaji nyingi huanza na taarifa za mhojiwa, na miongoni mwake ni swali kwamba amekaa hapo tangu lini. Kwa mwandishi wa hojaji ni jambo la kujaza nafasi. Lakini mji wa Turbo ulikuwa mmoja wa maeneo yaliyokumbwa na machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ambapo watu waliuawa na wengine kufukuzwa makwao kwa hoja ya nani mwenyeji na nani mgeni. Mahali kama hapo, kumuuliza mtu amekaa tangu lini au kwao ni wapi ni kugusa haki yake ya kuwapo. Hata lugha anayotumia mhojaji kumsalimu humwonyesha mhojiwa mhojaji ni wa upande gani. Kiswahili, kwa kuwa hakina kabila hapo, humpa kila mmoja nafasi ya kujibu bila kujitangaza. Hiyo ni sababu ya kukitumia kwa uangalifu mkubwa, ikiwa ni pamoja na kuyapeleka maswali hayo mwishoni, au kuyaacha ikiwa hayahitajiki.

7. La kufanya

Wataalamu wa mbinu wanajua dawa moja ya tatizo hili. Mwaka 1970 Richard Brislin alieleza njia ya kurudisha tafsiri: mtu mmoja hufasiri swali, mwingine hulirudisha katika lugha ya awali bila kuliona la kwanza, kisha matini mbili hulinganishwa. Njia hiyo husaidia kugundua makosa ya wazi. Hata hivyo haitoshi. Kubali itarudi katika Kiingereza salama, na kuridhika vilevile, kwa maana kila kamusi inakubaliana nazo. Maana nyingine zilizofichika zitabaki zimefichika. Zinajitokeza tu pale mhojiwa anapoombwa aeleze kwa maneno yake mwenyewe ameulizwa nini, na anapotoa mfano wa jambo analolisema.

Hapa ndipo njia zile mbili zinapohitajiana. Mazungumzo marefu na watu wachache, kwa Kiswahili cha mahali, hayana budi kutangulia hojaji ya watu wengi. Kazi yake ni kuandaa maneno. Mtafiti wa ushirika wa maziwa angekaa kwanza na wachunga hesabu, wenye ng'ombe, vijana wa kupeleka maziwa na akina mama wakamuao, akasikia wanavyosema pale meneja anapowasikiliza na pale asipowasikiliza. Kutokana na kauli hizo angeunda maswali yake ya kufungwa. Ndivyo walivyojifunza watu wa Hawthorne karibu miaka 100 iliyopita, baada ya kushindwa kwanza.

Kwa idara za Kiswahili tunapendekeza mambo matatu. La kwanza, matini ya Kiswahili iliyotumika kuulizia ichapishwe kikamilifu katika kila tasnifu, nayo ihesabiwe kuwa ndiyo hojaji, huku ile ya Kiingereza ikiwa ni rasimu yake. Msomaji anayetaka kuyapima matokeo ana haki ya kuyaona maneno waliyoyasikia wahojiwa. La pili, wahojaji wote wa utafiti mmoja wasome matini moja, wala wasiachiwe kufasiri njiani. La tatu, walimu wa lugha wakae pamoja na walimu wa usimamizi kuandaa akiba ya maswali yaliyokwisha kujaribiwa katika maeneo mbalimbali, pamoja na maelezo ya neno lipi lilieleweka vipi, na wapi. Istilahi tunazozibishania, kama vile hojaji na dodoso, zina umuhimu wake, lakini hizo ni majina ya chombo. Kilichomo ndani ya chombo kimekosa msimamizi.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini tufanye haraka. Kiswahili kiliingizwa Bungeni mwaka 1974, na Katiba ya mwaka 2010 imekifanya kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Tangu ugatuzi ulipoanza mwaka 2013, uamuzi juu ya masoko, zahanati na mikopo ya vikundi hufanywa karibu zaidi na wananchi, na uamuzi huo hutafuta tarakimu za kuutegemeza. Tarakimu hizo hutoka katika tafiti za aina tuliyoizungumzia. Chama kikionekana katika jedwali kwamba wanachama wake wanakubali mwendo wa kamati, hapana mtu atakayekwenda kuitazama kamati hiyo. Aliyekuwa amesema nakubali kwa maana kwamba hana la kufanya atakuwa ametumiwa kuwa shahidi dhidi yake mwenyewe, na hata akiisoma ripoti hataweza kujua, kwa kuwa haikuandikwa kwa lugha aliyojibia.